Marumaru zimeinuka, fundi ni mtoto wa mjomba: nimwambie nani kwanza?

BARUA

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nashona nguo, naishi Magomeni hapa Mtwara mjini. Naomba unifichie jina, maana ukoo wetu ni mkubwa na kuanzia Mikindani mpaka Tandahimba hakuna asiyetujua.

Tumejenga kama wengi wanavyojenga, mvua hii tofali, mvua ile bati. Msimu uliopita mikorosho niliyoachiwa na bibi ilizaa vizuri. Malipo ya mnada yalipoingia nikamwambia mume wangu safari hii hela isiliwe, tuweke marumaru. Akaafiki. Tukaanza na sebule na korido, jumla mita za mraba 36, vigae vya sentimita 60 kwa 60, vile vigumu vinavyong'aa. Vya bafu na chumba cha wageni tumeshanunua pia, bado viko kwenye maboksi.

Fundi ni mtoto wa mjomba wangu, kijana wa miaka 23. Alikuwa saidia fundi Dar es Salaam, akarudi nyumbani kujitegemea. Mjomba alinipigia simu mwenyewe: "Kazi ya ndugu yako usimpe mtu baki." Mshauri, huyu mjomba ndiye aliyenilipia ada baba alipofariki. Sare, madaftari, nauli, vyote vilitoka kwenye mikorosho yake. Ningesema nini?

Kijana aliandika orodha ya vifaa. Gundi ya marumaru aliandika mifuko tisa ya kilo 20. Mume wangu ni dereva wa lori la simenti, akacheka, akasema "huyu anataka kutupiga, mimi simenti naibeba kila siku, sihitaji mtoto anifundishe." Akanunua mifuko minne, akamwambia aongezee simenti na mchanga. Kijana hakubisha. Mimi nilimwambia jambo moja tu, asiache mistari mipana kati ya kigae na kigae, maana inashika uchafu, na nyumba moja ya Shangani niliona wameviunganisha vikapendeza sana. Sakafu ya simenti ilimwagwa baada ya mwaka mpya, na haikumaliza wiki mbili akaanza kazi kwa sababu alikuwa na kazi nyingine Lindi inamsubiri.

Ilipendeza, sikufichi. Majirani walivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Mvua zilipoisha ndipo mambo yakaanza. Mwanangu mdogo ana mchezo wa kugonga sakafu na kijiko. Siku hiyo nikasikia, hapa mlio mzito, pale panalia kama debe tupu. Nikachukua kijiko nikagonga mwenyewe. Karibu nusu ya sebule inalia. Halafu mchana mmoja wa jua kali tukasikia mlio kama bati limepigwa jiwe, tukakuta vigae viwili karibu na dirisha la magharibi vimeinuka vikaegemeana. Wiki iliyofuata mtungi wa gesi uliniponyoka kwenye korido, kona ya kigae ikavunjika. Nilipotoa kile kipande niliona chini madonge ya gundi, manne pembeni na moja katikati, na katikati ya madonge ni uwazi tu. Sisimizi walishafanya njia humo.

Sasa nyumbani hakukaliki. Mume wangu anasema binamu arudishe hela ya ufundi na alipe vigae, akikataa tunakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na kazi iliyobaki apewe fundi mwingine. Mama yangu kasikia, kanijia juu: "Usije ukamvua nguo mjomba wako kwa ajili ya mawe ya kukanyaga." Kijana mwenyewe bado hajui lolote. Juzi kanitumia ujumbe anauliza, "Dada, bafu tunaanza lini?" Sijamjibu. Na mwezi wa nane wifi yangu anaolewa, wageni kutoka Masasi na Newala watafikia kwangu.

Nimwambie nani kwanza, mjomba au mwanawe? Au ninyamaze mpaka harusi ipite?

Mpwa wa Mjomba, Mtwara

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hela, na pole zaidi kwa kukaa katikati ya mume na mama, maana hapo kila upande una haki ya kukununia.

Nikurudishie barua yako kwa ufupi uone kama nimekuelewa. Una sakafu ambayo kipande chake kimeinuka na kipande kikubwa kinalia utupu. Fundi wake ni mtoto wa mtu aliyekulea. Mume anataka fedha na fundi mpya, mama anataka kimya, kijana anataka kuanza bafu, na harusi inakuja. Unaniuliza umwambie nani kwanza. Lakini naona swali lako limeshamaliza kesi: kosa ni la kijana, kilichobaki ni kuchagua mlango wa kulipeleka. Hapo ndipo naomba tukae kidogo, kwa sababu barua yako ina mambo uliyoyapita haraka.

Chukua kalamu. Kwa vigae vikubwa kama vyako, gundi inayopakwa kwa mwiko wenye meno, na nyingine kidogo mgongoni mwa kigae, huenda kilo nne mpaka sita kwa mita moja ya mraba. Una mita 36. Hapo unahitaji kati ya kilo 144 na kilo 216, yaani mifuko saba na kitu kwa uchache, na ukikaribia kumi na moja si ajabu. Kijana aliandika tisa. Hakutaka kuwapiga, mwanangu. Alipiga hesabu sawasawa. Mifuko minne ni kilo 80, kilo mbili na kitu kwa mita. Kwa gundi hiyo hata fundi aliyezeekea kazini angebaki na mawili, akatae kazi au aweke madonge.

Simsafishi. Angeweza kusema, "Shemeji, kwa kiasi hiki siweki." Fundi aliyekomaa huwa na sentensi hiyo mdomoni, na wapo waliopoteza kazi kwa kuisema. Ila mfikirie kijana wa miaka 23, anatafuta jina, yuko mbele ya mume wa dada yake aliyempa kazi kwa heshima ya baba yake, na shemeji anasema yeye simenti anaijua. Angeanzia wapi? Wewe uliandika kwamba "hakubisha", na katika barua nzima hilo ndilo neno nililorudi kulisoma. Kunyamaza kwake umekuchukulia kuwa ni kukubali. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba alijua kabisa yatakayotokea, na hakuona mtu wa kumwambia.

Nimemuuliza fundi mmoja mzee wa marumaru, mtu wa hapa hapa kusini, nikamsomea ulichokiona kwenye korido bila kumwambia ni nyumba ya nani. Alisema madonge matano ndiyo njia ya mkato inayojulikana kuliko zote, kwa sababu inaokoa gundi na inaficha sakafu isiyonyooka: panapobonyea unaongeza donge, panapoinuka unalikandamiza. Juu kunanyooka, chini kuna mapango. Kigae kinabebwa katikati na karibu na pembe, kwingine kote kinaning'inia. Mtungi wa gesi ukiangukia penye uwazi, kona inakatika. Viwango vinavyofuatwa Marekani, ambavyo mafundi wengi duniani huvitazama, vinataka gundi ishike angalau asilimia 80 ya mgongo wa kigae mahali pakavu, na asilimia 95 bafuni na nje. Njia ya kuvifikia si siri. Gundi inachanwa kwa mwiko wa meno kwa mistari iliyonyooka, inayoelekea upande mmoja, si kwa kuzungusha. Kigae kinakandamizwa huku kikisukumwa mbele na nyuma kukatisha mistari hiyo ili hewa itoke. Na kila baada ya vigae kadhaa fundi anabandua kimoja kikiwa bado kibichi, anakigeuza, anakiangalia mgongo. Ukiona fundi anafanya hivyo bila kuambiwa, usimwache.

Kuhusu simenti na mchanga alivyoshauri mumeo, nataka umtendee haki. Hakutoa kichwani tu. Vigae vya zamani, vile vyepesi vinavyokunywa maji, vililowekwa kwenye ndoo kisha vikawekwa kwa simenti na mchanga, na viko majumbani mpaka leo. Lakini hivi vigumu vya siku hizi havinywi maji, unyonyaji wake hauzidi nusu ya asilimia moja. Simenti tupu haina pa kung'ang'ania. Gundi ya marumaru inayouzwa kwa mifuko imetiwa viungo maalumu vya kushika mgongo wa namna hiyo, na ukiizimua kwa simenti na mchanga unapunguza kile kile ulichokilipia. Mumeo anaijua simenti. Vigae ndivyo vilivyobadilika.

Na vile viwili vilivyoegemeana ni habari nyingine, ingawa madonge yamevirahisishia kuinuka. Zege na sakafu ya simenti husinyaa kadiri vinavyokauka, ndiyo maana mafundi huhesabu siku 28 kabla ya kuweka marumaru. Yenu haikufika nusu. Vigae navyo hutanuka vikipigwa na joto, na dirisha lako linaelekea magharibi. Kitu kinasinyaa chini, kingine kinatanuka juu. Nafasi ya kupumulia hupatikana kwenye ile mistari baina ya vigae, milimita mbili au tatu ambazo vile vimisalaba vya plastiki huzilinda, na kwenye pengo la kama milimita sita kando ya ukuta, ambalo sketingi, vile vipande vya chini ya ukuta, hulifunika lisionekane. Chumba kirefu hutakiwa kuwa na mstari laini wa kutanukia kila mita sita au saba hivi, na penye jua la moja kwa moja karibu zaidi, kila mita mbili na nusu mpaka tatu na nusu. Vigae vikigusana, na vya mwisho vikagusa ukuta, msukumo hauna pa kwenda isipokuwa juu. Nyumba ile ya Shangani uliyoipenda, nina hakika ukiinama utaiona mistari. Imejazwa grauti ya rangi ya vigae tu.

Kwa hiyo sakafu hii, mwanangu, imeshikwa na mikono mitatu. Sikuambii ili ujilaumu, wala ili ukamtupie mumeo. Nakuambia kwa sababu mtu anayekwenda kudai fedha anapaswa kujua nini kitajibiwa. Mkifika kwa mwenyekiti wa mtaa, kijana akatoa ile orodha yenye mifuko tisa na mumeo akaulizwa alinunua mingapi, kikao kitageuka. Na kitageuka mkiwa mbele ya majirani wale wale waliovua viatu.

Sasa mjomba. Kwetu huku, kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo kwa asili tunauhesabu upande wa mama, na mjomba ana kiti chake. Neno lake halipiti tu kama neno la mzee yeyote. Hiyo ndiyo sababu mama yako ameruka aliposikia. Lakini mama yako amesema mjomba atavuliwa nguo; mjomba mwenyewe hajasema kitu. Na ile ada, je, aliwahi kuitaja kuwa ni deni? Katika barua yako hakuna mahali alipoitaja. Umeitaja wewe. Yawezekana kabisa ulipompa mwanawe kazi ulikuwa unalipa deni ambalo mwenyewe hajawahi kulifungulia daftari. Sijui, wewe ndiwe unayemjua. Nauliza kwa sababu shukrani kwa mtu aliyekusomesha ni jambo moja, na kukaa na sakafu iliyopasuka bila kusema ni jambo jingine, na sioni kwa nini la kwanza lazima lizae la pili.

Tuangalie njia zilizopo. Hakuna hata moja isiyo na mwiba.

Unaweza kwenda kwa mjomba kwanza. Faida yake ni adabu, hakuna atakayesema ulimruka. Hatari ni kwamba likishafika kwake linaacha kuwa la sakafu. Anaweza kumwamuru kijana alipe, naye hana kitu, ikaishia mzee kuuza korosho zake mapema kufidia gundi ambayo nyinyi hamkuinunua. Utaweza kupokea fedha hiyo? Au akamtetea mwanawe, na wewe ukatoka hapo na jina la mtu aliyesahau alikotoka.

Unaweza kwenda kwa kijana kwanza, peke yenu, wewe dada na yeye mdogo wako. Ningekuwa jirani yako ningekusindikiza njia hii, lakini ina yake. Anaweza kuogopa akamkimbilia baba yake kabla hujamaliza, na maneno yakafika yamenona. Anaweza kukasirika. Kinachopunguza hatari hiyo ni namna utakavyofungua mdomo. Ukimwambia "umeniharibia nyumba," mazungumzo yamekwisha. Ukimkalisha chini ukamwonyesha kile kipande cha korido na kumuuliza, "Ulipoletewa mifuko minne, ulifikiri nini?" hapo utasikia kitu. Na ujumbe wake mjibu leo. Mwambie tu bafu litasubiri kidogo, kuna jambo la kuangalia pamoja kwanza. Ukimya wako nao unamfikia, na kila siku anaupa tafsiri mpya.

Unaweza kumleta fundi mwingine kimya kimya. Wengi hufanya hivi, halafu ukoo mzima unajua kabla mfuko wa kwanza haujafunguliwa. Hili litamuumiza mjomba kuliko kuambiwa ukweli.

Njia ambayo hukuitaja, na ambayo ile barua yenyewe inainong'ona, ni kumwita fundi mzoefu asimamie, na binamu yako afanye kazi chini yake. Fundi mzee niliyemuuliza alisema vijana wengi waliotokea kwenye usaidizi wanajua mikono lakini hakuna aliyewaeleza sababu. VETA, ile mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambao wana vyuo Mtwara na Lindi, wana utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazini. Kijana anaweza kuulizia. Ugumu wake ni kwamba nyinyi mtalipa watu wawili, na manahodha wawili chombo huenda mrama. Lazima ijulikane tangu mwanzo nani anasema neno la mwisho. Na safari hii muandike, hata kwenye karatasi ya daftari: vifaa gani, mifuko mingapi, nani ananunua, kitu gani kitaangaliwa kabla ya kila malipo. Ndugu huona aibu kuandikiana. Mimi nimeona ndugu wengi zaidi waliogombana kwa kutoandikiana.

Kabla ya yote hayo, jua ulicho nacho. Usiseme "karibu nusu." Chora sebule na korido kwenye karatasi, kigae kwa kigae. Chukua sarafu au mpini wa bisibisi, gonga pembe zote nne na katikati, tia alama kwa chaki. Utapata makundi matatu: vinavyocheza au vilivyopasuka, vinavyolia lakini vimekaa imara, na vizima. Kundi la kwanza halina subira. Kundi la pili lisikutie hofu kupita kiasi, kwani kigae chenye uwazi chini hakivunjiki lazima. Penye mapito machache kinaweza kukaa miaka. Wapo mafundi wanaotoboa kwenye mstari na kuingiza gundi kwa sindano. Husaidia mara nyingine, ila asiwepo wa kukuapia. Kung'oa vyote ni kishawishi cha mumeo, najua, lakini vigae vya namna hii vikiwa vimeshika kiasi hung'oka vikiwa vipande, vinaondoka na sakafu ya chini, na kupata vingine vya rangi ile ile ni bahati. Angalia ubavu wa maboksi ya zamani: kuna namba ya rangi na namba ya ukubwa. Boksi lisilolingana na hizo, hata kama jina la kigae ni moja, litaonekana chumba kizima. Kama kuna vigae vilivyobaki, viweke mahali salama, visigeuzwe kuwa meza ya mtungi wa maji.

Kuna kazi moja ndogo ya kufanya mapema, harusi iwepo isiwepo. Bandua sketingi upande wa dirisha uone kama vigae vimebana ukuta. Vikiwa vimebana, fundi akate ukingo ule kwa mashine, aache pengo, atoe vile viwili vilivyoinuka, asafishe chini, avirudishe kwa gundi kamili na mistari. Msukumo ukipata pa kutokea, unaweza kuwa umenusuru vingine vingi. Ni kazi ya siku chache, na ni jaribio zuri la kuona kijana atafanyaje akipewa gundi ya kutosha na mtu wa kumwangalia. Wageni wa Newala hawaji kukagua sakafu. Mkeka mzuri juu ya sehemu iliyobaki utatosha, mradi hakuna ncha ya kumkwaza bibi wa watu.

Bafu ni kesi nyingine, na hapo nakuwa mkali kidogo. Yeyote atakayelifanya, asianze kwa sababu ya harusi. Sebuleni ukikosea unapata mlio, bafuni ukikosea maji yanapita chini na kuingia ukutani. Mteremko uwe kama sentimita mbili kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji, na uwekwe kwenye sakafu ya simenti yenyewe, si kwa kunyanyua kigae na gundi. Juu yake ipakwe dawa ya kuzuia maji, ipande kidogo na ukutani. Kisha tundu lizibwe, maji yamwagwe yakae usiku na mchana, yaangaliwe kama yamepungua. Baada ya hapo ndipo vigae vianze kuwekwa. Na kabla ya hayo yote, toa kigae kimoja kwenye boksi, kimwagie maji, kikanyage kwa mguu wenye sabuni huku umeshika mlango. Kama ni vile vile vinavyong'aa, bora uvibadilishe sasa kuliko kumbeba mtu kumpeleka hospitali ya Ligula.

Limebaki la mumeo, nalo nimelikawiza kwa makusudi. Yeye ndiye anayepaza sauti zaidi, na mara nyingi mtu hupaza sauti pale ambapo moyoni ameshaanza kufanya hesabu. Hesabu ya mifuko sidhani kama ni ya kumwekea mezani mbele ya mama yako au mbele ya kijana. Mngoje arudi safari, ameoga, amekula, watoto wamelala. Mpe karatasi uliyochora yenye alama za chaki, umuulize anaonaje kama mwenye nyumba, umwache akae nayo. Huenda akafika mwenyewe bila wewe kumvuta. Huenda asifike, akashikilia lake, na hapo utalazimika kupima upya ni kipi utakisema na kipi utakiacha. Mama yako naye anaweza kuambiwa ukweli huu mdogo: hakuna anayetaka kumvua mtu nguo, mnatengeneza sakafu.

Mjomba aambiwe lini? Sina tarehe ya kukupa. Najua tu kwamba habari hii ikimfikia ikiwa na kijana pembeni yako, mkimweleza pamoja mlivyoamua kurekebisha, si sawa na ikimfikia kupitia kwa mtu wa tatu. Ukiona kwa hali ya ukoo wenu kumkawiza hata wiki moja ni kumkosea, basi wewe unaijua nyumba yenu kuliko mimi, anza naye.

Ukishaongea na mmoja wao, yeyote utakayemchagua, niandikie alijibuje.